Umeacha Sigara, Mkanda Umebana: Usirudi Nyuma

Mtu akiacha sigara, mwezi wa kwanza watu wa nyumbani humpongeza. Mwezi wa tatu humwambia amenenepa. Wengi husema kwa furaha, maana kwetu kunawiri ni dalili ya mambo kwenda vizuri, na mwanamume ambaye mashavu yake yalikuwa yamebonyea sasa anaonekana anatunzwa. Lakini mwenyewe anaujua mkanda wake. Tundu alilokuwa akifungia zamani halifikiki tena, suruali ya Idi inagoma kufunga, na hapo ndipo wazo baya huingia: nilipokuwa navuta sikuwa hivi, basi labda nirudie mbili tatu kwa siku ili mwili urudi ulivyokuwa.

Makala hii nimemwandikia mtu huyo. Nimemwandikia pia yule ambaye bado anavuta na anaogopa kuacha kwa sababu ya kitambi. Wanawake wengi wamo katika kundi hili, na kwa kuwa kwetu mwanamke huvuta kwa kujificha, hofu yake nayo hana pa kuisemea. Kabla sijaeleza chochote, msimamo wangu ni huu: kati ya sigara na kitambi, sigara ndiyo muuaji mkubwa, kwa hiyo sigara ndiyo ianze kuondoka. Kitambi kinaweza kusubiri miezi michache, kisha nacho tukishughulikie.

Tuanze na kiasi, kwa sababu kitu usichokijua ukubwa wake hutisha kuliko kilivyo. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 62 kuhusu uzito wa watu walioacha kuvuta. Wale walioacha bila kutumia dawa yoyote waliongezeka, kwa wastani, kilo 1.1 baada ya mwezi mmoja, karibu kilo 2.9 baada ya miezi mitatu, na kilo 4.7 baada ya mwaka. Ona mwendo wake: zaidi ya nusu ya uzito wa mwaka mzima huja katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha kasi hupungua. Na wastani huo unaficha mengi. Watu kama 16 katika kila 100 walipungua uzito ndani ya mwaka huo. Wengine 37 waliongezeka, lakini hawakufika kilo tano. Waliopanda zaidi ya kilo kumi walikuwa 13 tu. Mtaani tunamkumbuka huyo wa kilo kumi na tunamsimulia kila mahali. Aliyeacha na kubaki na mwili wake hakuna anayemtaja.

Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori kama 7,700. Ukizigawa kilo 4.7 kwa siku za mwaka, unapata ziada ya kalori kama 100 kwa siku. Mwili haufuati hesabu kwa unyoofu namna hiyo, lakini makadirio yanatosha kukupa picha. Kalori 100 ni chini ya nusu chapati. Ni chini ya kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia. Anayeacha sigara akijua hivyo, anaona kwamba hadaiwi kujitesa kwa njaa. Anadaiwa kubadilisha mambo machache madogo, na kuyashika kila siku.

Sasa kwa nini uzito unapanda? Watu wengi hudhani ni ulafi tu, na wengine huwacheka ndugu zao kwa hilo. Sababu ya kwanza haihusiani na ulafi hata kidogo. Nikotini huamsha adrenalini: mapigo ya moyo yanaongezeka, mishipa inabana, mwili unachoma chakula kwa kasi kubwa kuliko inavyotakiwa. Mwaka 1986 watafiti wa Uswisi waliwaweka wavutaji katika chumba maalumu kinachopima nishati ambayo mwili hutumia kwa saa 24. Siku waliyovuta sigara 24, miili yao ilichoma takriban asilimia 10 zaidi ya siku ambayo hawakuvuta, yaani kama kalori 200, ingawa shughuli zao zilikuwa zilezile. Mwili wa mvutaji ni kama mtu anayekimbizwa akiwa amekaa kitini. Ukiacha, mbio hizo zinakoma na moyo unapumzika. Chakula ulichozoea kula, bila kuongeza hata tonge, sasa kina ziada ambayo zamani ilikuwa inateketea.

Sababu ya pili iko kwenye ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Science, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kwamba nikotini hugusa seli za hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, na kuzifanya zitoe taarifa ya shibe. Jambo hili wavutaji walilijua siku nyingi kwa uzoefu. Mlinzi wa usiku anaweza kukesha kwa chai ya rangi na sigara nne. Dereva wa bodaboda anaweza kupitisha mchana wote bila kula, akaona kawaida. Njaa ilikuwepo, taarifa yake ndiyo iliyokuwa imezimwa. Ukiacha, taarifa inarudi, tena kwa nguvu, na hamu ya kula inaweza kubaki juu kwa wiki kumi au zaidi, wakati hasira, wasiwasi na kukosa utulivu huwa vimepungua sana ndani ya wiki nne hivi.

Tena kuna pua na ulimi. Moshi ulikuwa umevipumbaza. Baada ya siku chache hadi wiki kadhaa, harufu ya iliki kwenye pilau inakupokea tangu mlangoni, embe lina utamu uliousahau, na mchuzi wa nazi unataka uongezewe wali. Hii ni zawadi, na ninaomba uifurahie. Furahia tu ukiwa umeketi, kwenye sahani, kwa wakati wa mlo.

Na kuna mkono. Anayevuta pakiti moja kwa siku hupeleka mkono mdomoni zaidi ya mara 200, ukihesabu kila pafu. Mkono huo haukubali kukaa bure. Hutafuta kitu, na kitu kilicho karibu mara nyingi ni mandazi, karanga, peremende au bisi.

Nigusie jambo moja la historia, kwa sababu hofu hii ya kunenepa haikuzuka yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya American Tobacco ya Marekani ilitangaza sigara yake ya Lucky Strike kwa kuwaambia watu, wanawake hasa, wachukue sigara badala ya kitu kitamu. Watengeneza peremende walilalamika sana. Mauzo ya sigara yakapanda. Tangu hapo wembamba na sigara vimeuzwa pamoja, kwa picha za wanawake warefu wenye viuno vyembamba, hata kwenye pakiti zenyewe, ambazo baadhi zilifanywa nyembamba makusudi. Mtu anayesema leo kwamba anavuta ili asinenepe anarudia tangazo la watu waliokwisha kufa, walioliandika ili wauze tumbaku.

Na wembamba wenyewe unadanganya. Wavutaji wengi wana miguu na mikono myembamba, lakini ukilinganisha watu wa uzito uleule, mvutaji huelekea kuwa na mafuta mengi zaidi ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo mafuta yanayoleta kisukari na maradhi ya moyo.

Swali la msingi ni hili: je, faida ya kuacha inaliwa na uzito unaoongezeka? Limechunguzwa kwa makini. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watu zaidi ya 160,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Walioacha na kunenepa zaidi ya kilo kumi bado hatari yao ya kufa ilikuwa karibu nusu ya ile ya walioendelea kuvuta. Utafiti huohuo ulionyesha pia upande wa pili, nao usifichwe: walioacha na kunenepa sana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari kwa miaka kadhaa ya mwanzo, ikifikia kilele kati ya mwaka wa tano na wa saba, kisha ikashuka. Walioacha bila kunenepa hawakuwa na ongezeko hilo. Kwa hiyo uzito ni jambo la kushughulikia kwa dhati. Si sababu ya kurudia sigara.

Waingereza waliwafuatilia madaktari wao wavutaji na wasiovuta kuanzia mwaka 1951, na matokeo ya miaka 50 yalipotolewa mwaka 2004 yalikuwa wazi: mvutaji wa kudumu hupoteza, kwa wastani, miaka kama kumi ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa mitatu kati ya hiyo. Wa miaka 50 aliokoa sita, wa 40 tisa, na wa 30 karibu yote. Ukiyaweka matokeo hayo mbele ya zile kilo 4.7, sioni mjadala.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Wiki nne za mwanzo usifanye dayati. Najua wengi wanapenda kuanza mambo yote kwa pamoja, Jumatatu moja, na sigara na chapati na sukari vyote marufuku. Njaa na kiu ya sigara hufanana sana mwilini: mikono inalegea, kichwa kinauma, hasira ziko karibu. Mtu mwenye njaa hawezi kujua kipi kinamsumbua, na dawa anayoikumbuka ni ile ya zamani. Kula mara tatu, kwa saa zilezile, na usiruke kifungua kinywa. Wavutaji wengi hawali asubuhi. Chai na sigara vilikuwa vinatosha. Sasa unahitaji chakula kinachokaa tumboni: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na yai, maharage yaliyobaki jana, uji wa ulezi usiozidishwa sukari. Anayekula asubuhi namna hiyo hafiki saa nne akitafuta vitumbua viwili vya kukimbizia njaa.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kahawa, kwa sababu ni jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, na kwa watu wa pwani lina uzito wake. Wanaume wetu huketi barazani jioni. Muuza kahawa anakuja na dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vinagongana kwenye ndoo ya maji, anamimina kahawa chungu, na pembeni kuna sahani ya kashata. Zamani ilikuwa kikombe na sigara. Sasa sigara haipo, basi kikombe kinafuatana na kashata, na kikombe cha pili na kashata nyingine. Kashata ni sukari na karanga, au sukari na nazi. Vipande vitatu kila jioni vinatosha peke yake kuleta ile ziada niliyoitaja.

Lakini tatizo la ndani zaidi ni kahawa yenyewe. Moshi wa tumbaku una kemikali zinazoliamsha ini lisafishe kafeini haraka, karibu mara mbili ya kawaida. Ndiyo maana mvutaji hunywa vikombe sita akaenda kulala. Ukiacha, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vilevile sita vinaacha kafeini nyingi zaidi katika damu. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakatika saa nane usiku. Mtu anasema hii ni alosto ya sigara, siiwezi. Kumbe ni kahawa. Na aliyelala vibaya huamka na njaa kubwa, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta, kwa hiyo jambo la kahawa linaishia kwenye kiuno. Punguza vikombe kwa nusu tangu siku unayoacha, na kikombe cha mwisho kiwe kabla ya alasiri. Kaa barazani, usijitenge na wenzako, ila mwambie muuza kahawa akumiminie tangawizi kama anayo. Ushauri huu unamhusu pia anayetumia bigijii au viraka vya nikotini, kwani kinacholiamsha ini ni moshi. Nikotini haina kazi hiyo.

Ini hilohilo husafisha baadhi ya dawa kwa mwendo uleule. Kama unatumia theofilini ya pumu, klozapini au olanzapini za maradhi ya akili, au wafarini ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari siku unayoacha, kwa maana kipimo kinaweza kuhitaji kupunguzwa. Mwenye kisukari anayejichoma insulini naye asiache kupima sukari yake mara kwa mara katika wiki hizo, kwani mwili ukitoka kwenye moshi huweza kuipokea insulini vizuri zaidi.

Jambo la pili la kukazania ni sigara ya baada ya kula. Mvutaji yeyote atakwambia kwamba hiyo ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo ngumu kuiacha. Ilikuwa na kazi ambayo mwenyewe hakuitambua: ndiyo iliyokuwa ikifunga mlo. Akishaiwasha, amemaliza kula. Sasa haipo, mlo hauna mwisho, na mkono unarudi kwenye sinia kuokota ukoko, kipande cha nyama, kijiko cha mchuzi. Inabidi uufunge mlo kwa kitu kingine, na kiwe kilekile kila siku. Wako wanaopiga mswaki palepale. Ladha ya dawa ya meno huharibu hamu ya kula na ya kuvuta pia. Wako wanaomenya chungwa. Wako wanaosimama na kuviosha vyombo wenyewe, na hao nadhani ndio wenye akili zaidi, maana mikono inapata kazi na mama watoto anapata nafuu. Lolote utakalochagua, ondoka palipo na chakula.

Kuhusu kiu yenyewe, kumbuka kwamba hudumu dakika tatu hadi tano, kisha hushuka, umevuta au hujavuta. Dakika hizo zipitishe na kitu ambacho hakina kalori nyingi. Mswaki wa mti unafaa sana, tena unaonekana wa heshima popote ulipo. Kijiti cha mdalasini, karafuu moja ulimini, kipande cha tangawizi, karoti au tango lililokatwa na kuwekwa kwenye kopo kazini, bigijii isiyo na sukari. Kunywa maji ya baridi taratibu. Mikononi shika tasbihi, funguo, ushonaji, chochote. Karanga nazihofia kidogo: ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zina kalori zaidi ya 560, na mtu anayezitafuna kuua kiu ya sigara hahesabu. Nunua kile kifuko kidogo cha karatasi, ukimaliza umemaliza. Usikae na mfuko wa kilo mezani. Ubuyu wa rangi nao ni sukari tupu.

Wiki ya tano au ya sita, kiu ikishapoa, anza kuitazama sahani. Sina orodha ya vyakula vya kigeni vya kukupa. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, sukumawiki. Ugali au wali uchukue robo, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki au nyama. Maharage na dagaa hushibisha kwa muda mrefu na bei yake haiumizi. Wanga sikukatazi, nakuomba upunguze kipimo. Halafu tazama mafuta: mboga za nyumba nyingi huogelea, na kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Kisha sukari ya chai. Anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu amemeza karibu kalori 200 kabla hajala kitu. Soda ya nusu lita ni kiasi hichohicho. Hapo tu, bila kugusa chakula chako, unaweza kuondoa ziada yote inayoletwa na kuacha sigara. Punguza kijiko kimoja kila wiki. Ulimi uliorudiwa na ladha hauchelewi kuzoea.

Tembea. Nusu saa ya mwendo wa haraka huchoma kalori kama 120 hadi 150 kwa mtu wa kilo 70, na kiu ya sigara hupungua wakati unatembea na muda baada yake. Kifua chako kitakusaidia, maana ndani ya siku mbili hivi hewa ya sumu ya kaboni monoksidi huwa imetoka katika damu, na miezi inayofuata pumzi huongezeka. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Kama unakaa mahali ambapo mwanamke hatembei peke yake jioni, tafuta jirani mwende wawili, au mtembee alfajiri wakati watoto wanakwenda shule. Ongeza kazi ya nguvu mara mbili tatu kwa wiki, kwa sababu misuli huchoma chakula hata ukiwa umelala: kuinuka na kuketi kitini mara ishirini, kujisukuma ukutani, kubeba ndoo, kulima. Huhitaji kulipia ukumbi wa mazoezi.

Pombe ni hatari mara mbili. Bia ya nusu lita ina kalori kama 200, inafuatana na chipsi na nyama choma, na baada ya chupa ya pili lile azimio lako la asubuhi linalegea. Wengi waliorudia sigara walirudia wakiwa baa. Miezi mitatu ya mwanzo kaa mbali nayo. Ndugu zetu wa Kenya wanaotafuna miraa wanajua kwamba sigara na miraa huenda pamoja. Anayetaka kuacha moja bila kugusa nyingine atateseka bure. Wala usihamie kwenye shisha au ugoro ukidhani umepumzika. Ni tumbaku ileile.

Kwa Waislamu, Ramadhani ni fursa ambayo sijaona mfano wake. Mvutaji anayeweza kukaa kuanzia alfajiri hadi magharibi bila pafu hata moja tayari amethibitisha kwamba anaweza. Kinachomwangusha ni ile sigara ya baada ya kufuturu. Atakayeikata hiyo ataifikia Idi akiwa ameshavuka sehemu ngumu kabisa. Ila futari isije ikawa fidia: magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati na sharubati kwa usiku mmoja ni mzigo kwa mwili ambao mwendo wake umeshapungua. Fungua kwa tende na maji, swali, kisha kula mlo mmoja wa maana.

Zipo dawa zinazosaidia kuacha: bigijii na viraka vya nikotini, bupropioni na vareniklini. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mbali na kumsaidia mtu asirudie, huwa zinachelewesha ongezeko la uzito wakati zinatumika, na hivyo kukupa nafasi ya kupigana vita vimoja kwa wakati mmoja. Muulize daktari au mfamasia, maana si kila mtu anafaa kuzitumia. Zile chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa kwenye mabasi na mitandaoni ziache. Nyingi ni za kuharisha. Unapoteza maji, mafuta yanabaki.

Uzito pima mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, si kila siku. Mizani ya kila siku huvunja moyo. Kiuno ni kipimo bora zaidi: azima futi ya fundi cherehani, zungusha usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kupanda kwa mwanamume anapofika sentimeta 94, na kwa mwanamke 80. Ukiona umevuka hapo miezi sita baada ya kuacha, nenda kituo cha afya wakupime sukari na presha.

Nanyi mnaoishi na aliyeacha, chungeni maneno. Mzaha wa kitambi mezani, mbele ya watoto na mashemeji, unaweza kumrudisha kibandani kununua sigara moja. Mke au mume akitaka kusaidia, apike kwa mafuta machache bila kutangaza, na amwambie mwenzake kwamba nguo zake hazinuki moshi tena.

Kama umeshakata tamaa ukarudia kwa sababu ya uzito, acha tena. Watu wengi huacha mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja, na mwili hauhesabu mara ulizoanguka. Kama hujarudia, fungia mkanda tundu linalofuata, punguza kijiko kimoja cha sukari kesho asubuhi, na ukipita kwenye kibanda kile cha zamani usinunue hata moja.